Upande wa Chini wa Ubao wa Saba

8 Novemba

Katika sanamu iliyo sebuleni kwangu kuna ubao mmoja ambao upande wake wa chini hakuna anayeujua isipokuwa mimi. Nimeuficha kwa gundi, kwa uzito wa mbao zilizolala juu yake, na kwa sifa za watu wanaokuja kuitazama. Leo asubuhi muuguzi amenisikiliza moyo, akakunja mpira wake polepole, akaniambia nile vizuri na nisibishane na watu. Nimemwelewa. Mvua zimeanza, sidhani kama nitaziona zikiisha.

Kwa hiyo nitaandika. Mimi ni Gracien Kalumba. Nilikuwa mpimaji wa mgodi hapa Kolwezi, kisha mwalimu wa jiometri, kisha mzee ambaye watu wanamwita msanii. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nina hasira, na katika mwili huu hasira ndiyo kiungo pekee ambacho bado kinafanya kazi.

12 Novemba

Mvua kutwa. Mtaa wetu wa Musonoi wote ni tope. Nimekohoa.

19 Novemba, Jumapili

Kamati imekuja baada ya misa. Mechack Mukalay, mwenyekiti, alifunga mwavuli wake ndani ya nyumba na kunilowesha sakafu. Mama Blandine, katibu, aliketi mbele ya sanamu na kuitazama kama mtu anayechagua kitambaa sokoni.

Wanaitaka. Wanataka kuiweka mbele ya kanisa, iwe kumbukumbu ya wanaume waliofunikwa na udongo kwenye ngazi ya saba ya mgodi, msimu wa mvua wa mwaka themanini na saba. Chini yake watatia kibao cha shaba chenye majina.

Nieleze sanamu ilivyo, maana wageni wameisema vibaya vya kutosha. Ni mbao nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila mmoja umekatwa kwa mstari wake unaopinda. Ukikaa upande wa dirisha unaona kilima kilichochongwa na mvua. Ukisimama mlangoni unaona mama aliyeinama, uso haupo. Marehemu mke wangu Henriette ndiye aliyemwona wa kwanza. "Gracien," alisema, "hii mulima yako iko nalia." Tangu hapo mtaa mzima unaiita Mama Anayelia. Kijana mmoja wa makumbusho alikuja kutoka Lubumbashi akasema nimeunganisha hisia, maumbile na hesabu. Nilimpa chai. Mistari ile sikuibuni hata mmoja. Ni mistari ya kimo, inayoonyesha urefu wa ardhi kwenye ramani, ile ile niliyokuwa nikiichora kazini.

Mechack alisoma majina. Nilisubiri. Akakunja karatasi.

"Jina la Ntambwe, mkuu wao wa zamu, sijalisikia," nikasema.

"Tata Gracien, ile jina haitaandikwa."

"Kwa nini?"

"Juu unajua. Njo yeye alibashusha kule. Enquête, ule uchunguzi wa ajali, ilisema: ubao ulikuwa rouge, nyekundu, ngazi ilikuwa imefungwa, akaona, akashuka na batu. Papa yangu alikuwa mu ekipe yake. Sasa mi niandike jina ya ile mutu pembeni ya jina ya papa yangu? Hata wewe, tata, usiniombe ile."

"Na batu batasema tunamupa zawadi," akaongeza Mama Blandine.

Niligonga sakafu kwa fimbo. Niliwaambia wanakwenda kanisani kuonyesha viatu. Niliwaambia maiti hana wakili, na kwamba kumwacha mtu nje ya kibao cha marehemu ni kumzika mara ya pili bila jeneza. Nilisema mengi, na nilisema vizuri. Mechack alikuwa akitazama chini kama mwanafunzi. Alipoondoka aliniaga kwa mikono miwili.

Mama Tshibola alikuwa uani, anasugua sufuria. Alisikia yote. Tshibola ndiye mjane wa Ntambwe.

"Tata, usijichokeshe," akasema kupitia dirishani. "Mi nilizoea."

20 Novemba

Nilizoea! Neno hilo limeninyima usingizi. Nani aliyemzoesha?

2 Desemba

Tangu Henriette afe, Tshibola ndiye anayenipikia. Nyumba yake iko nyuma ya yangu. Sikumwomba; alikuja siku ya matanga na chungu cha bukari, ugali wetu, na hakuacha kuja. Anauza maharage soko la Manika. Wanawake wengine wa Musonoi hawaweki meza zao karibu na yake. Wajane wa ngazi ya saba wana kikundi chao cha kusaidiana, hawajawahi kumwita. Binti zake waliolewa mbali, mmoja Likasi, mwingine Sandoa, mahali ambapo hakuna anayeuliza baba yao alikuwa nani. Na kwa sababu familia ya Ntambwe ilitoka Kasai, wapo waliosema zaidi ya hayo, katika miaka ile mibaya ya kuwafukuza watu wa Kasai. Alibaki. Alisema kaburi la mumewe liko hapa na haliwezi kupanda treni.

Leo amenikuta naandika.

"Eh, tata! Kila siku kuandika, kuandika. Unatafuta muke?"

"Naandika mambo ya kazi ya zamani."

"Andika basi kama mboga ya leo haina chumbi, usikuje kusema ni mi nilisahau. Docteur njo alikataza."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alinishika mgongo hadi kikohozi kikapita. Mikono ile.

11 Desemba

Leo nitaandika nusu.

Ofisi ya mipango ilikuwa na meza kubwa, na juu yake mfano wa mgodi uliotengenezwa kwa mbao. Tuliuita maketi. Kila ngazi ya shimo ilikuwa na ubao wake. Mgodi uliposhuka, tuliondoa au tulikata ubao. Mimi ndiye niliyekata. Vipande vilivyoondolewa nilivibeba nyumbani, maana mbao nzuri hazitupwi, na baadaye ofisi ilipokufa nilichukua na zilizobaki. Hizo ndizo sanamu yangu. Nilizipanga kwa mpangilio uliopinduka: shimo likawa kilima. Kinacholia sebuleni kwangu ni umbo la kile tulichokitoa ardhini.

Mkuu wa zamu hakuwa na muda wa kusoma michoro. Alfajiri, kabla ya kushuka, alipita ofisini na kugusa kwa kidole ubao wa ngazi anayokwenda. Ilikuwa desturi yao, hakuna aliyeiandika; Wakatoliki waligusa kama wanavyogusa maji ya baraka mlangoni. Ubao mtupu, shuka. Ubao uliopakwa rangi nyekundu, ngazi imefungwa, rudi.

Wiki ile nilikuwa nimepima ufa juu ya ngazi ya saba. Ulikuwa unafunguka. Nilipaka ubao wa saba rangi nyekundu mwenyewe, nikaona fahari ya kazi. Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa wanakuja kutoka mji mkuu. Mkuu wangu wa ofisi, mtu mwenye manukato na kalamu ya dhahabu, aliingia, akaona ule wekundu katikati ya maketi yake.

"Kalumba, wageni hawawezi kuona kidonda. Geuza ule ubao mpaka waondoke."

Ubao wa saba ulikuwa na umbo la nusu mwezi. Pande zake mbili zinafanana. Ubao mwingine wowote ukiugeuza, mistari inakataa na hata mtoto ataona. Ule ulikaa vilevile. Niliifundisha jiometri kwa miaka mingi baada ya siku ile, na kila nilipochora ubaoni umbo lenye pande zinazofanana nilisikia ladha ya chuma mdomoni.

Niliugeuza. Wageni walichelewa, walikunywa, mvua ikaanguka. Nikaenda nyumbani. Sikuurudisha.

Yule mtu aliniamuru! Alikuwa na magari mawili na hakuwahi kushuka hata ngazi ya pili. Alikufa kitandani, Ulaya, na padri pembeni. Mpaka leo nikikumbuka kalamu ile natamani kuivunja.

12 Desemba

Nimesoma ya jana. Nimesema nusu, na hata nusu hiyo nimeipaka manukato ya mtu mwingine.

25 Desemba

Noeli. Tshibola ameleta kuku na mchele. Tumekula tukisikiliza kwaya redioni.

9 Januari

Kampuni ya sasa inapasua miamba mchana. Kabla ya mlipuko anapita kijana mwenye kipaza sauti: "Batu bote, mutoke mu nyumba!" Nimemwambia mimi nikitoka sirudi, afadhali ukuta unikute nimeketi. Akacheka. Anadhani ni utani wa wazee.

Nyumba ilitikisika, picha ya Henriette ikaanguka. Bati limefunguka juu ya sanamu, maji yanadondoka begani kwa yule mama. Nimeweka beseni. Niliandikia ofisi yao; walinijibu kwamba mitetemo iko ndani ya kiwango. Kiwango cha nani? Nimepima mitetemo ya ardhi hii kabla baba zao hawajaoa. Watu hawa wanajua ukuta unapasuka na wanaweka saini kwamba haupasuki, kisha wanakwenda kula. Wanalalaje?



21 Januari

Stany, seremala, amekuja kupima kitako cha sanamu. Ana maneno mengi kuliko misumari.

"Tata, hii mama yako iko na kilo mingi kupita muke yangu."

"Usimwinue kabla sijakuambia."

"Gundi iko inafunguka hapa. Mayi imeingia. Mi nifungue mbao zote nizibandike upya?"

Nilimkemea kwa ukali ambao hakuustahili. Alikusanya vifaa akaenda bila kuaga. Tshibola alinitazama.

"Juu ya nini unamupigia kelele mutoto ya batu? Alisema tu gundi."

1 Februari

Mvua. Beseni linajaa kabla ya saa sita mchana. Sikumwambia mtu asogeze sanamu.

4 Februari, Jumapili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Walikuja baada ya misa: Stany na wanaume wawili wa kubeba, Mechack, Mama Blandine, na majirani waliofuata ili kuona. Nilikuwa kwenye kiti changu. Nilisema wangoje. Mechack alisema kwa heshima, "Tata, tutamubeba polepole, kama mugonjwa." Wakamshika.

Gundi ilikuwa imeoza. Mama Anayelia alifunguka kiunoni. Sehemu ya juu ilibaki mikononi mwa wanaume wale, ya chini ikabaki mezani, na kati yao ubao mmoja ukateleza, ukapiga sakafu, ukalala. Nusu mwezi. Nyekundu.

Ile rangi! Nilidhani imefifia. Haikuwa imeona jua, ilikuwa mbichi kama siku niliyoipaka.

 Kisha Mechack akapiga magoti, akaushika, akasoma namba ya ngazi niliyoiandika pembeni kwa mkono wangu.

"Saba," akasema. "Batu yangu, angalieni. Njo hii. Rouge! Enquête haikudanganya. Ilikuwa rouge, njo hii!"

Walitoa simu, wakapiga picha. Mama Blandine alijifanyia ishara ya msalaba. Mwanamke mmoja, mjane wa ngazi ya saba, alisema kwa sauti, bila kugeuka, "Na muke yake anatupitaka mu soko na kichwa juu."

Tshibola alikuwa mlangoni na sahani yangu ya chakula.

Aliutazama ule ubao kwa muda mrefu. Aliweka sahani juu ya redio. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akatoka.

Mechack alinigeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tata Gracien, ulikuwa unaficha hii juu ya huruma. Ulitaka kumulinda ule mama. Tunakuheshimu."

Nilikuwa nimewapigia kelele watu hawa msimu mzima. Nimempigia kelele mwenyekiti, seremala, kampuni, mtoto wa kipaza sauti, marehemu mkuu wangu. Leo nilikuwa na neno moja tu la kusema, na badala yake nilimwambia Mechack auchukue ule ubao.

Ubao hauwezi kumsaidia Tshibola. Hilo ndilo nililokuwa sijalifikiria miaka yote hii. Nilijiambia nikifa watafungua sanamu na mbao zitasema ukweli badala yangu. Mbao zimefunguka, na zimesema uongo wangu.

5 Februari

Hakuja.

6 Februari

Hakuja. Jirani ameleta uji. Nimeuacha.

7 Februari

Hakuja. Kutoka dirishani nimeona nguo zake kwenye kamba, zimenyeshewa, hajazitoa.

9 Februari

Amekuja. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye stuli ya jikoni. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa mafundo. Alikifungua magotini: miwani ya mwanamume, mkono wake mmoja umeungwa kwa uzi.

"Unajua hii lineti, tata?"

"Ya Ntambwe."

"Ile siku tuligombana asubuhi, juu ya kitu ya bure, juu ya kashati. Akatoka na hasira. Lineti ikabaki ku meza. Mi niliiona. Nikasema mu roho, aende, atarudia kuichukua. Sikumukimbilia." Alifunga kitambaa, akakifungua tena. "Batu banasema Ntambwe aliona rouge, akakataa. Mi nilijua hapana, Ntambwe hakuwa mutu ya kukataa. Nilisema: hakuona. Bila lineti hakuona rangi muzuri, mu ofisi kulikuwa giza. Basi njo mi. Ni mi nilibaua. Lakini nilikuwa na tumaini kidogo, tata. Nilikuwa nasema, labda ule ubao haukuwa rouge, labda enquête ilikosea. Sasa nimeuona na macho yangu."

Alisema haya kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Mi nilitaka tu uniambie wewe, juu ulikuwa mu ile ofisi. Ilikuwa rouge ya kuonekana? Hata mutu bila lineti, angeona?"

Nilimwambia sijisikii vizuri. Alinifunika blanketi, akaenda.

Nimeishi nyuma ya ukuta mmoja na mwanamke huyu. Nimekula chakula chake. Nilidhani nimemwibia jina la mumewe tu. Sikujua kwamba miaka yote alikuwa akibeba wafu wangu kwenye kitambaa.

11 Februari

Nimemtuma Stany, baada ya kumwomba radhi. Amwite Mechack. Waje Jumatano, yeye na Tshibola.

14 Februari, Jumatano ya Majivu

Walikuja kutoka kanisani, wote wawili, na alama ya majivu kwenye paji la uso. Mechack alileta ubao, ameuzungushia gazeti. Niliomba uwekwe magotini kwangu.

Niliwaambia nusu niliyoiandika mwezi wa Desemba: ufa, rangi, wageni, amri ya mkuu. Niliugeuza ubao mbele yao ili waone jinsi unavyokaa vilevile. Nilisema asubuhi ile Ntambwe alipogusa ubao wa saba aligusa mbao tupu. Kwamba miwani isingemsaidia. Kwamba hakukuwa na wekundu wa kuona.

Tshibola hakulia. Alishika ukingo wa meza.

"Haikuwa rouge," akasema.

"Haikuwa."

"Alikuwa na haki ya kushuka."

"Alikuwa na haki."

Mechack alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa mvulana ambaye baba yake hajarudi kutoka kazini. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka hasira yake, na nilitamani ailete kwangu, ilikuwa yangu. Lakini Tshibola ndiye aliyeuliza. Anauza maharage sokoni; hakuna anayemdanganya kipimo.

"Ngoja, tata. Enquête ilikuja mangaribi. Bote baliona rouge. Kama asubuhi haikuwa rouge, na mangaribi ilikuwa rouge, nani aliirudisha? Ule shefu yako?"

Mkuu wangu amekufa. Kaburi lake liko mbali na halina mtu wa kumtetea. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno.

Nilimjibu, na ninaandika hapa kama nilivyomjibu, ili asiyekuwapo kunisikia alisome jibu hilo.

Hapana, si yeye. Hakuna aliyeniamuru. King'ora cha ajali kilipolia, watu wote walikimbilia shimoni, hata makarani, hata wapishi. Mimi nilikimbilia ofisini. Ubao wa saba ulikuwa mtupu juu ya meza, na katikati yake palikuwa na alama ya kidole cha Ntambwe, ya udongo, bado ina unyevu. Niliifuta kwa mkono wa shati langu, kisha nikaugeuza, wekundu juu.